Mtoto wa Mbega kwa Rangi Mbili: Kuchora Vijipicha vya Vekta

Mada kwa semina ya wachoraji vijana, Bongwe, Kwale



Simama Ukunda barabarani kwa robo saa tu, utapitwa na tuktuk zenye stika za kila namna: simba, tai, nyota, nyani mwenye ndizi mkononi. Nyani huyo ndiye aliyenisukuma kuandika mada hii. Ameshushwa kutoka intaneti, akachapwa, akabandikwa, ilhali juu ya miti ya Diani tunaye mbega, mweusi mwenye manyoya meupe marefu mabegani. Nchini Kenya makao ya mbega wa aina hii ni misitu ya pwani hii yetu. Shirika la Colobus Conservation, lililoanza mwaka 1997, limemtundikia madaraja ya kamba juu ya barabara ya Diani ili avuke bila kugongwa. Na ndizi mbivu si chakula chake. Tumbo lake ni la majani, maua na matunda mabichi. Anayemchorea mbega ndizi hajapata kumtazama.

Kwa hiyo naomba tuanze kwa kutazama, kisha ndipo tuwashe kompyuta.

Kuhusu vekta nitasema kwa ufupi. Picha ya kamera ni pikseli, vidoa vilivyopangwa; ukiikuza inachakaa. Vekta huhifadhi maelekezo: anzia hapa, pinda hivi, ishia pale. Kompyuta huchora upya kila unapobadilisha ukubwa, ndiyo maana faili moja hutosha kwa stika ya WhatsApp na kwa mgongo wa tuktuk. Mashine ya kukata stika nayo huhitaji mstari wa kufuata kwa wembe wake. Mipindo hiyo ina jina la Pierre Bézier, mhandisi wa Renault kule Ufaransa, aliyeitumia miaka ya 1960 kuchorea bodi za magari. Sisi tutatumia Inkscape, programu ya bure iliyopo tangu 2003.

Zoezi la kwanza ni korosho, ile ile tunayoiona kwenye leso za mama zetu. Anayeanza hubofya mafundo, yaani nukta zinazoshika mstari, thelathini kuizunguka, na korosho hutoka na vinundu kama iliyotafunwa na panya. Mafundo manne yanatosha: moja kila ncha, moja mgongoni, moja tumboni. Kila fundo lina mikono miwili, vijistari vya kuvutia mpindo. Ukiurefusha mkono, mpindo unakuwa mpana na mtulivu, ukiufupisha, unakaza. Fanyeni korosho hii mara ishirini. Sitanii, kwani mkono wako ukishaijua korosho, sikio, shavu na mkia vyote vinakuja vyenyewe.

Sasa mbega. Mtoto wake huzaliwa mweupe pee, uso wa waridi, akang'ang'ania tumbo la mama aliye mweusi tii. Sijaona zawadi kubwa kuliko hii kwa mchoraji wa vitu vidogo: hata ukiuacha waridi wa uso, rangi mbili tu, na hadithi nzima imo. Leso imetufundisha hivyo siku zote, rangi chache zilizolala bapa, bila kivuli.

Kinachofanya kijipicha kipendeze kilielezwa na mtaalamu wa tabia za wanyama, Konrad Lorenz, mwaka 1943: kichwa kikubwa kikilinganishwa na mwili, paji pana, macho makubwa yaliyokaa chini, mashavu ya mviringo. Basi kikuzeni kichwa, yashusheni macho. Lakini msimpe kidole gumba. Mbega hana, palipostahili kuwa na gumba pamebaki kinundu tu. Vidole vinne vilivyozama kwenye manyoya ya mama, hapo mtu wa Diani atamtambua mbega wake hata kama uso umerahisishwa kuwa duara na nukta mbili.

Mkimaliza, punguzeni picha hadi iwe sawa na sarafu ya shilingi moja, muifungue kwenye simu, na mshike simu hiyo mbali kidogo na uso. Vidole vikigandana, vinenepesheni na mviachanishe, msiongeze mistari. Manyoya ya mabega yakipotea, yarefusheni kupita ukweli.

Tutaanza na mwili wa mama, maana mtoto mweupe kwenye ukurasa mweupe haonekani. Fungueni faili mpya, mchukue rangi nyeusi.