Kumjua Ndege Kabla ya Kumrushia Jiwe

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia)

Leo hatukuja na habari za mbolea wala mikopo. Tunataka tuongee juu ya ndege wa porini, na vile mtu anayeanza anaweza kuwatambua. Tunajua wengine mnajiuliza: ndege watatuletea nini? Hebu tusikizane kidogo.

Kifaranga kikipotea kijijini, kelele ni moja tu: "Mwewe! Mwewe!" Basi kila ndege mkubwa anayepita angani anarushiwa mawe. Wengine hata hutega nyama yenye sumu. Lakini wale wa angani si ndege mmoja.

Mwewe mwenyewe ni wa rangi ya kahawia. Mkia wake ni mrefu na mwishoni umegawanyika kama panda. Akiruka anaugeuzageuza kama usukani. Huyu kweli huteremka hadi uani akachukua kifaranga.

Huku milimani kuna mwingine, mnene, mwenye mabawa mapana na mkia mfupi mwekundu kama tofali. Wengi wao ni weusi mgongoni na weupe kifuani, ingawa wako walio weusi karibu mwili mzima. Vitabuni anaitwa Augur Buzzard. Hukaa juu ya mti au mlingoti akitazama chini kwa utulivu. Chakula chake kikubwa ni panya, fuko, mijusi na nyoka. Hatusemi kwamba hawezi kugusa kuku hata siku moja. Lakini akina mama, mnajua fuko anavyomaliza viazi! Ukimuua huyu, umemfukuza mlinzi na mwizi umemwachia shamba. Bundi naye ni vivyo hivyo: watu wanamwogopa kwa mikosi, kumbe usiku kucha anawinda panya walioingia kwenye mahindi.

Sasa, mtu aanze vipi? Kenya ina zaidi ya aina 1,000 za ndege. Usishtuke. Anza na kumi wa hapo nyumbani: njiwa, kunguru, kwarara, yangeyange anayefuata ng'ombe, na wengine kama hao. Ukiwajua hao sawasawa, watakuwa kipimo chako kwa wageni.

Ukimwona usiyemjua, usikimbilie kuuliza jina. Jiulize maswali haya matano:

Kwanza, ukubwa. Ni kama shomoro, kama njiwa, au kama kuku?

Pili, umbo. Mdomo mnene na mfupi ni wa kuvunja mbegu. Mdomo uliopinda kama ndoano ni wa kurarua nyama. Mkia nao ukoje?

Tatu, rangi, na iko wapi. Kusema "ni mweusi na mweupe" haitoshi. Weupe uko kifuani, shingoni au kwenye mabawa?

Nne, mwenendo. Anatembea au anarukaruka? Yuko peke yake au na kundi?

Tano, mahali na sauti. Yuko majini, msituni au shambani? Analiaje?

Andika majibu papo hapo kwenye daftari, pamoja na tarehe. Kumbukumbu hudanganya. Wakati mzuri ni asubuhi mapema, tangu saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu, jua likiwa nyuma yako. Darubini ikipatikana, kikundi kizima kinaweza kutumia moja. Isipopatikana, macho yanatosha kuanzia. Wale wadogo wa kahawia wanaofanana, waache kwanza. Hata wenye ujuzi wanasumbuliwa nao.

Tena waulizeni wazee na watoto wachungaji. Lugha zetu za nyumbani zina majina ya ndege ambayo hayamo vitabuni. Yaandikeni kabla hayajapotea.

Kujifunza pamoja ndiyo njia rahisi. Mwaka 1971 Bibi Fleur Ng'weno alianzisha matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi mjini Nairobi, na wengi walijifunzia hapo kwa kutembea na wanaojua. Katika misitu ya Kakamega na Arabuko-Sokoke, kuna wenyeji wanaopata riziki kwa kuwaongoza wageni wanaotafuta ndege. Hatuwaahidi kwamba kila kijiji kitapata wageni. Lakini mkulima wa mtama anayemtambua kwelea kwelea kwa mdomo wake mwekundu mnene atampasha habari afisa wa kilimo mapema, kabla kundi halijawa kubwa.

Basi tuwaachie kazi ndogo. Kila kikundi kichague watu wawili wa kushika daftari. Tukikutana tena, mtusomee ndege kumi: jina la kwenu, alama zake na chakula chake. Na kwa sasa tukubaliane jambo moja: nyama ya sumu isitegwe tena. Sumu haichagui. Inaua mwewe, inaua mlinzi wa viazi, na mbwa wako pia. Vifaranga tuwajengee kizimba chenye wavu juu.