Ukaribu wa Kiongozi Hautoshi



Mara nyingi tunaambiwa kwamba uzuri wa serikali za mitaa ni kuwa karibu na wananchi. Ni kweli, lakini si ukweli wote. Leo twende Benaco, wilayani Ngara, tukaone jinsi uongozi unavyoweza kukaa mlangoni mwa watu na bado usiwe wao.

Mwishoni mwa Aprili 1994, takriban Wanyarwanda 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa saa 24 hivi. Benaco ikageuka mji mkubwa wa turubai. Mashirika ya misaada hayakuwa na namna ya kumjua kila mtu. Yakashika njia iliyokuwa tayari: watu wakapangwa kwa komini walizotoka, na chakula kikapitia kwa viongozi wao wa zamani.

Viongozi hao walikuwa nani? Huko Rwanda mkuu wa komini, yaani bourgmestre, hakuchaguliwa na wakazi. Aliteuliwa na Rais. Na baadhi yao walikuwa wameshiriki mauaji ya kimbari. Sylvestre Gacumbitsi wa Rusumo na Jean-Baptiste Gatete, aliyewahi kuongoza Murambi, wote walikuwa Benaco. Ilipojaribiwa kumwondoa Gatete kambini Juni 1994, maelfu ya wakimbizi walifanya fujo. Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani wote wawili, Gacumbitsi mwaka 2004 na Gatete mwaka 2011.

Sasa fikiria mama mwenye watoto watano aliyepunjwa mgawo wake wa mahindi. Angemlalamikia nani? Aliyeandika majina ndiye aliyegawa, na aliyegawa ndiye aliyeogopwa. Kiongozi alikuwa karibu, tena karibu mno, lakini hakuwajibika kwa yeyote aliyekula kwa mkono wake. Wakimbizi wale walirejea kwao Desemba 1996. Somo walituachia sisi.

Sisi nasi tumewahi kujaribu kuishi bila serikali za mitaa. Zilifutwa mwaka 1972 kwa jina la madaraka mikoani, na madaraka yakashikwa na maofisa waliotumwa kutoka juu. Sheria za mwaka 1982 zikazirudisha, na mwaka 1984 zikaanza kazi tena. Katika vijiji, vikiwamo vile vya Ngara vilivyopakana na kambi, sheria inasema mkutano mkuu wa wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi ndio wenye mamlaka ya juu. Halmashauri ya kijiji iko chini yao.

Lakini sheria haihudhurii mkutano. Wanaohudhuria ni watu. Hapa mjini wengi wetu humkumbuka mwenyekiti wa mtaa tunapotaka barua ya kumdhamini ndugu aliye polisi. Mkutano ukiitishwa, tuna shughuli. Hesabu za michango ya taka na ulinzi zikisomwa, hatupo. Kisha tunalalamika kwamba mtaa una wenyewe.

Mtaa ambao hakuna anayeuliza haujafika Benaco, lakini umeshika njia ileile: orodha mkononi mwa mtu mmoja, na wengine kwenye foleni. Kura ni mwanzo tu. Demokrasia ya mtaani huishi siku mkazi wa kawaida anaposimama na kusema, “Mwenyekiti, tusomee hesabu,” kisha akarudi nyumbani kwake bila hofu.