Aliyetoa Wavu: Vyama vya Siasa, Wenye Magazeti na Haki ya Msikilizaji

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya akina mama, vijana na wavuvi, Muhuru Bay)

Najua omena imeanikwa huko nje na mvua ya siku hizi haina adabu, kwa hivyo sitawaweka sana.

Nimeombwa nizungumze juu ya vyama vya siasa na matajiri wenye magazeti na redio. Labda mtu atauliza, hayo ni mambo ya Nairobi, sisi watu wa ziwa yanatuhusu nini? Nitajibu kwa kazi mnayoijua kunishinda.

Mvuvi asiye na pesa hupewa wavu au injini na ajenti. Hakuna aliyempiga wala kumtisha. Lakini samaki akishatoka majini, mvuvi hana ruhusa ya kumuuzia mwingine, na bei anaipanga ajenti. Gazeti na redio ni vivyo hivyo. Mwandishi anaweza kuwa mtu mwema na hodari, lakini lazima tuulize: wavu wake umetolewa na nani?

Chama chenye gazeti lake

Tuanze na KANU. Mwaka 1983, wakati hakuna chama kingine kilichoruhusiwa kisheria, KANU ilinunua gazeti la Nairobi Times kutoka kwa Hilary Ng'weno, ikalipa jina jipya, Kenya Times. Mwaka 1988 ikashirikiana na tajiri wa Uingereza, Robert Maxwell. Huyu huko kwao aliwahi kuwa mbunge wa chama cha Labour, na baadaye akawa mwenye gazeti la Daily Mirror lililokuwa likiunga mkono chama hicho hicho. Kwa hivyo msidhani ndoa ya chama na mwenye gazeti ni ugonjwa wa Afrika peke yake.

Mwaka 1989 ikatangazwa kwamba jumba la ghorofa 60 litajengwa ndani ya Uhuru Park, Nairobi, liwe makao ya chama na ya gazeti. Wangari Maathai akaandika barua kupinga. Akatukanwa hata Bungeni. Sasa fikirini kidogo: gazeti ambalo lilikuwa lihamie ndani ya jumba hilo lingewezaje kumwambia mwananchi kwa haki kama jumba ni jema au ni baya? Mwishowe jumba halikujengwa, na bustani ipo.

Maxwell alikufa baharini mwezi wa Novemba 1991. Baada ya kifo chake ikagunduliwa kwamba mamia ya mamilioni ya pauni yalikuwa yamechotwa kutoka akiba ya uzeeni ya wafanyakazi wake. Jameni, watu waliokuwa wakichapisha habari za dunia nzima hawakujua habari ya akiba yao wenyewe! Kenya Times nalo likadhoofika, likafungwa mwaka 2010.

Wale waliojaribu kusema tofauti walikiona. Mwaka 1988 gazeti la Beyond, lililotolewa na Baraza la Makanisa, NCCK, liliandika juu ya wizi katika uchaguzi wa mlolongo. Likapigwa marufuku. Mhariri wake, Bedan Mbugua, akafungwa, na kosa lililotajwa ni kwamba hakupeleka hesabu za mauzo serikalini. Mwaka 1989 waandishi wa Nation wakafungiwa mlango wa Bunge kwa miezi kadhaa.

Vyama vingi, wenye mali wachache

Vyama vingi viliporudi, tulidhani shida imekwisha. Kenneth Matiba, aliyekuwa amewekwa kizuizini mwaka 1990 na ambaye aliongoza FORD-Asili, alianzisha gazeti la The People. Lilisema mengi ambayo wengine waliogopa. Lakini hilo nalo lilikuwa gazeti la mwanasiasa. Na angalieni lilikoishia: baadaye likaingia katika kampuni ya Mediamax, inayohusishwa na familia ya Kenyatta.

Gazeti la Standard lilikuwa la kampuni ya Lonrho ya Uingereza. Mwaka 1995 liliuzwa, likaingia mikononi mwa watu wa karibu na Rais Moi. Mwanawe, Gideon Moi, alikuja kuwa mwenyekiti wa KANU mwaka 2013. Lakini ni gazeti hilo hilo ambalo tarehe 2 Machi 2006, wakati wa serikali ya Kibaki, lilivamiwa usiku na polisi waliofunika nyuso, nakala zikachomwa moto na KTN ikazimwa. Mnaona mambo yanavyogeuka? Mwenye gazeti akiwa serikalini, kalamu hulala. Akiwa nje, huamka. Mwananchi anataka kalamu isiyolala siku zote mbili.

Sheria yetu ya mawasiliano hairuhusu chama cha siasa kupewa leseni ya redio au televisheni. Ni sawa. Lakini kiongozi wa chama, jamaa yake au rafiki yake anaweza kuwa na hisa katika kampuni. Mlango wa mbele umefungwa, wa nyuma uko wazi.

Hata hapa kwetu, wengi tunasikiliza Ramogi FM kwa Kijaluo. Redio hiyo ni ya Royal Media Services, kampuni ya S.K. Macharia, yenye makao Nairobi. Sisemi ni vibaya. Nasema ijulikane. Lugha ya nyumbani haimaanishi redio ni ya nyumbani.

Na kuna wavu wa pili, ambao ni matangazo ya biashara. Serikali ni mteja mkubwa mno wa magazeti. Mwaka 2015 matangazo yake yaliwekwa chini ya ofisi moja, na mwezi wa Machi 2024 wizara ikaagiza yale ya redio na televisheni yapelekwe KBC pekee. Mkono mmoja ukishika mfuko wote, hauna haja ya kutuma polisi. Kuchelewesha malipo kunatosha.

Usisahau pia mwandishi wa mashinani, ambaye mara nyingi hulipwa kwa kila habari inayotoka, tena kidogo. Kutoka Migori mjini hadi hapa ni nauli. Mwanasiasa akimbeba kwa gari lake na kumnunulia chakula, jioni itaandikwa habari ya nani: ya mkutano wa mheshimiwa, au ya zahanati isiyo na dawa?

Kuzima si kuwajibisha

Wengine watasema, basi serikali iwanyamazishe. Hapana. Mwezi wa Januari 2018, Raila Odinga alipokuwa karibu kujiapisha Uhuru Park, Chama cha Wahariri kilisema hadharani kwamba wenye vyombo na wakuu wao waliitwa Ikulu wakaonywa wasionyeshe. Tarehe 30, Citizen, NTV na KTN zikazimwa. Mahakama Kuu iliamuru ziwashwe, zikaendelea kukaa gizani kwa siku kadhaa. Tarehe 25 Juni 2025, siku ya maandamano ya vijana, amri ikatoka tena ya kuzuia kuonyesha moja kwa moja, na vituo vikazimwa hadi Mahakama Kuu ikaisimamisha amri hiyo.

Aliyezimwa siku hizo ni nani? Ni wewe na mimi. Kuwajibisha ni kumwambia mtu: hapa umesema uongo, sahihisha. Kuzima ni kumziba mdomo kabla hajasema.

Lakini uhuru bila kuwajibika nao unaua. Tume ya Jaji Waki mwaka 2008 ilitaja redio za lugha za mama miongoni mwa zilizochochea chuki katika machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007. Hapa tuko mpakani. Tunaishi Wajaluo, Wasuba, Wakuria, na ng'ambo ni ndugu zetu Watanzania. Vijana wetu wanavua hadi Migingo, ambako tunavutana na Uganda. Habari moja ya uongo juu ya Migingo, ikitangazwa asubuhi ili mtu apate kura, inaweza kumkuta mtoto wako jioni katikati ya maji. Huyo mwenye redio hatakuwa kwenye mashua.

Tufanye nini?

Hapa bichi hatukubali mizani bila kuikagua. Tukague na habari vile vile.

Kwanza, usiamini habari kubwa kutoka chombo kimoja. Sikiliza cha pili, chenye mwenyewe tofauti.

Pili, ukisikia uongo, andika: ni redio gani, kipindi gani, siku na saa gani, maneno yalikuwaje, na ukweli ni upi. Likiwa ni gazeti, kata ukurasa na uutunze.

Tatu, mwandikie mhariri kwanza. Katiba ya 2010, kifungu cha 35, inampa kila mtu haki ya kusahihishiwa habari ya uongo inayomhusu. Huombi msaada, unadai haki.

Nne, asiposikia, peleka malalamiko kwa Tume ya Malalamiko iliyo chini ya Baraza la Vyombo vya Habari, kwa sheria ya mwaka 2013. Si lazima uwe na wakili. Kikundi kinaweza kusaidiana kuandika.

Tano, KBC ni yetu sote. Kifungu cha 34 kinataka vyombo vya serikali visiegemee upande wowote na vitoe nafasi kwa maoni tofauti. Chama chochote kikitawala, tudai hivyo hivyo, hata kikiwa chama chetu.

Hilo la mwisho ndilo gumu. Tunapenda kulalamika gazeti likimchafua kiongozi wetu, na kucheka likimchafua wa wenzetu. Siku tutakapomwandikia mhariri kumtetea tusiyempigia kura, kwa sababu tu amesingiziwa, tutakuwa tumeanza.



Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Taja redio tatu tunazosikiliza hapa. Ni za nani?
2. Ni habari gani ya hapa kwetu haijawahi kutangazwa? Kwa nini?
3. Nani katika kikundi atatunza daftari la habari za uongo?