Uraia Haupimwi kwa Damu



Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hufundishwa shuleni kama somo la kazi, na ni somo zuri. Lakini methali haisemi mgeni aliyekwisha kulishika jembe kwa miaka ishirini ahesabiwe kuwa nani. Je, bado ni mgeni? Je, amekuwa mwenyeji? Nani mwenye kuamua, na kwa kipimo gani? Hayo ndiyo maswali yanayotafutiwa majibu katika chumba cha ofisi ya Uhamiaji, mwombaji wa uraia akiwa upande mmoja wa meza na afisa upande wa pili. Mkoa wa Tanga unao mfano wake wa kufundishia katika jambo hili, nao ni mfano wa Wazigua waliotoka Somalia.

Habari yao yaanzia karne ya 19. Katika miaka ya 1830 njaa kali iliiangukia nchi ya Uzigua. Watu walipoishiwa chakula waliteremka pwani. Wako waliojiweka rehani, wako waliouzwa, na wako ambao, kwa mapokeo ya wazee wao, walirubuniwa kwa ahadi ya kazi ya ujira ng'ambo. Wakapakiwa majahazini, wakapelekwa pwani ya Benadiri, wakawa watumwa wa mashambani. Baadhi yao walitoroka wakakimbilia misitu ya bonde la mto Juba. Mapokeo humtaja mwanamke aitwaye Wanakhucha kuwa ndiye aliyewaongoza. Huko walifyeka msitu, wakalima, wakazaa na kulea, wala hawakuiacha lugha yao. Wenyeji waliwaita watu wa Gosha, yaani watu wa msituni, na kwa vizazi vingi wakawahesabu kuwa wa daraja la chini.

Serikali ya Siad Barre ilipoanguka mwezi wa Januari 1991 na vita kuenea, wakulima hao wa bonde la Juba hawakuwa na ukoo wenye silaha wa kuwalinda. Maghala yao yaliporwa na watu wao wakauawa. Wengi walikimbilia Kenya, hasa kambi za Dadaab. Wengine walishika njia ya bahari wakafika pwani ya Tanga. Hawakuja kwa kubahatisha, kwa maana jina la nchi ya babu zao lilikuwa limehifadhiwa katika masimulizi ya nyumbani. Walipokewa katika kambi ya Mkuiu, wilaya ya Handeni, na mwaka 2003 wakahamishiwa makazi ya Chogo katika wilaya hiyo hiyo, wakapewa ardhi ya kulima. Mzigua wa Handeni na Mzigua wa Juba walipozungumza walielewana, ingawa wahenga wao walikuwa wameachana kwa zaidi ya miaka 150.

Sasa, lau uraia ungekuwa ni jambo la damu, kazi ingekuwa imekwisha hapo. Lakini haikuwa hivyo. Serikali ilikubali kuwafungulia watu wa Chogo mlango wa uraia, na mlango wenyewe ulikuwa ule wa sheria, yaani uraia wa tajnisi. Ilibidi waombe, wajaze fomu, waulizwe, ndipo mamia yao wakapata hati. Mtu ambaye babu wa babu yake alizaliwa Uzigua aliketi mbele ya afisa akaeleza ameingia lini, amekaa wapi na anafanya kazi gani.

Aghalabu jambo hili huzua manung'uniko ya namna mbili. Wako wasemao: hawa ni ndugu waliorudi kwao, kuna haja gani ya kuwahoji? Na wako wasemao: hawa ni Wasomali, wanatafuta nini hapa? Makundi haya mawili hudhani yanapingana, kumbe kosa lao ni moja. Yote mawili hutaka kupima uraia kwa damu.

Ubishi huu si mgeni nchini. Mwezi wa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, Bunge la Tanganyika lilijadili muswada wa uraia. Baadhi ya wajumbe walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Mwalimu Nyerere alisimama akapinga kwa ukali, akashikilia kwamba kipimo cha uraia ni utii kwa nchi, si rangi ya ngozi, na akaeleza kwamba Serikali ingejiuzulu kama rai yake ingekataliwa. Muswada ukapita. Tangu siku hiyo msingi ukawekwa kwamba mtu haulizwi ana rangi gani wala ametoka tumbo la kabila gani, bali anaulizwa ana uhusiano gani na nchi na ana kusudi gani nayo.

Msingi huo unaonekana katika Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, ambayo kila afisa na kila mtendaji wa kata angefaa kuijua. Mwombaji wa tajnisi hutakiwa awe amekaa nchini kwa miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba. Katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo, hutakiwa awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua 7. Hutakiwa awe na tabia njema, ajue Kiswahili au Kiingereza kiasi cha kutosha, awe mtu wa kulifaa taifa, na akusudie kuifanya Tanzania makao yake ya kudumu. Akikubaliwa, huukana uraia wake wa zamani na kula kiapo cha utii. Katika orodha hiyo halimo neno kabila.

Kwa hiyo mahojiano yana maswali makubwa matatu tu, hata yakigawanywa kuwa thelathini. Umekaa wapi na kwa muda gani? Unaishi vipi na wenzako? Unakusudia nini? Afisa anayeyajua haya matatu huuliza kwa utulivu, na mwombaji anayeyajua hujibu kwa utulivu. Pasipo kujulikana hayo, afisa hugeuka mwindaji na mwombaji hugeuka paa.

Mfikirie mwanamke wa makamo aliyezaliwa kijiji cha mtoni, mahali pasipo na daftari la vizazi. Anaulizwa tarehe ya kuzaliwa. Anajibu kwamba alizaliwa mwaka wa mafuriko. Anaulizwa mara ya pili, naye kwa woga anataja mwaka wowote unaomjia mdomoni. Baadaye mwaka huo unakutwa haulingani na ule ulioandikwa kambini, na katika faili anaandikwa kuwa si mkweli. Mwanamke huyu hakusema uongo. Jibu lake la kwanza ndilo lililokuwa la kweli, nalo lilikataliwa kwa sababu halikuingia katika kisanduku cha fomu. Afisa mwenye busara angemwuliza: mafuriko hayo yalikuja kabla au baada ya jambo fulani linalojulikana? Watoto wako wangapi walikuwa wamezaliwa vita vilipoanza? Kwa njia hiyo ukweli ungepatikana, na mtu asingevunjiwa heshima.

Hali ni hiyo hiyo katika lugha. Sheria inataka mtu aijue lugha, haitaki awe na lafudhi ya Tanga mjini. Mtu anayeweza kuuza mahindi yake mnadani, kumweleza mganga wa zahanati maumivu ya mtoto wake, na kufuata shauri katika mkutano wa kijiji, huyo anajua Kiswahili. Kumcheka kwa sababu anasema maneno kama walivyosema wazee wake ni kumpima kwa kipimo kisichokuwamo katika sheria. Na Mtanga afahamu kwamba lafudhi yake yeye mwenyewe huchekwa kwingineko.

Wako ndugu wa watu hawa wa Chogo ambao kutoka kambi za Kenya walichukuliwa Marekani, maelfu kwa maelfu, kuanzia mwaka 2003. Walipoomba uraia huko walikabiliwa na mtihani wa historia na muundo wa serikali, katika lugha ya Kiingereza ambayo wengi wao walianza kujifunza ukubwani. Mtihani ule ni mgumu, lakini una jambo moja la kuigwa: maswali yake huchapishwa mapema, na madarasa ya jioni hufunguliwa ili waombaji wajiandae. Mtu huingia chumbani akijua ataulizwa nini. Kuwaandaa waombaji namna hiyo hakuhitaji mabadiliko ya sheria. Kunahitaji mwalimu, ubao, na saa moja ya jioni.

Kazi ya uangalifu yahitajika zaidi kwa sababu ya kipengele kimoja cha sheria. Waziri mwenye dhamana halazimiki kutoa sababu za kukubali au kukataa ombi, na sheria inasema uamuzi wake haupelekwi mahakamani. Maana yake ni nini kwa afisa wa wilayani? Maana yake ni kwamba karatasi anayoiandika baada ya mahojiano ndiyo inayosafiri badala ya mwombaji. Mwombaji hatakuwapo faili lake litakaposomwa. Neno moja la uvivu, kama vile "anatia shaka", lisiloelezwa shaka yenyewe ni ipi, laweza kumwacha mtu na watoto wake bila nchi. Afisa anayeona kasoro hana budi kuitaja kwa jina, na kuandika pia jibu la mwombaji kuhusu kasoro hiyo. Huko si kumpendelea mgeni. Ni kuisaidia Serikali iamue kwa haki, imkatae anayestahili kukataliwa na imkubali anayestahili kukubaliwa.

Yaliyo jirani yanaonyesha gharama ya kuliahirisha jambo hili. Mpaka unaoanzia mlango wa mto Umba ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886 pasipo kuwauliza Wadigo wala Wasegeju, ambao mpaka leo wako pande zote mbili. Upande wa Kenya, Wamakonde waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa na mkonge ya pwani walikaa miongo mingi bila uraia, hata mwaka 2016 walipotembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai kutambuliwa, wakatambuliwa. Wapemba wa pwani hiyo hiyo walisubiri mpaka mwaka 2023. Kwa miaka yote hiyo wazee walizikwa wakiwa wageni katika ardhi waliyoilima, na wajukuu wao walikosa vitambulisho. Tanzania, kwa upande wake, ilitangaza uraia kwa Warundi zaidi ya 160,000 wa mwaka 1972, ambao hawakuwa na babu wa kumtaja Handeni. Walikuwa wamelima, wamesomesha watoto na wamekaa kwa amani, na hayo yakatosha.

Basi wajibu umegawanyika. Mtendaji wa kata na mwenyekiti wa kijiji watoe ushahidi wa yale wanayoyajua: mtu huyu amekaa hapa tangu lini, anashiriki kazi za kijiji au hashiriki. Wasitoe ushahidi wa sura. Afisa aulize yaliyomo katika sheria, aandike kwa uaminifu, amwite mwombaji bibi au mzee kama angemwita jirani yake. Mwombaji naye aseme kweli hata pale kweli inapokuwa na mapengo, kwa kuwa pengo lililoelezwa husameheka, na uongo ukigunduliwa humharibia yeye na wanaomfuata katika foleni. Mwalimu, ambaye darasani kwake mtoto wa Chogo na mtoto wa Handeni huketi dawati moja, afundishe historia ya Uzigua yote, pamoja na sura ile ya majahazi na mto Juba, ili watoto wajue kwamba uhamiaji haukuanza kwa watu wengine.

Wahenga walioagiza mgeni apewe jembe siku ya tatu walijua kwamba kazi humfanya mtu kuwa wa mahali. Sheria imekamilisha agizo lao kwa kuweka hesabu ya miaka, meza, viti viwili na kiapo. Anayekaa katika kiti cha afisa ameaminiwa na taifa zima kulinda lango. Kulinda lango ni kumjua wa kumzuia, na vilevile ni kumfungulia bila kumdhalilisha yule ambaye sheria imekwisha kumpa ruhusa ya kuingia.