Maji Machafu Yanaporudi Nyumbani: Mazungumzo na Wenye Nyumba na Wenye Biashara

Mvua za masika, ambazo kwa desturi hunyesha kisiwani kwetu kati ya Machi na Mei, huja na neema, na huja pia na jambo ambalo watu huona haya kulitaja mbele ya wageni: choo hufurika na maji ya karo yakarudi ndani kwa tundu la bafuni. Leo tulitaje bila ya haya.

Sababu zake si za ajabu. Ardhi ikishiba maji ya mvua, maji ya karo hukosa pa kupenya. Mabomba huziba kwa mafuta ya kupikia, mchanga na matambara. Pale mifereji inapomwagikia baharini, bamvua likikutana na mvua kubwa, bahari yenyewe hufunga njia. Wapo pia wanaoelekeza maji ya mapaa yao katika chemba ya maji machafu. Hao huwapelekea jirani zao mafuriko pasi na kuyaona.

Maji yanaporudi, kwanza acheni kutumia maji. Msivute choo, msifue. Katika nyumba za ghorofa, kama zile za Michenzani, mkaazi wa juu hana budi kuarifiwa mara moja, kwani ndoo aimwagayo yeye humtokea mwenzake wa chini. Ikiwa maji yamefika kwenye soketi au friji, msiyakanyage. Umeme uzimwe kwenye swichi kuu iwapo tu inafikika kwa miguu mikavu. Watoto, wazee na waja wazito watolewe.

Sasa naomba nikae kidogo juu ya jambo linaloua watu kwa dakika chache. Ni desturi kumtafuta kijana mwenye nguvu akateremka karoni kuzibua. Msifanye hivyo, hata kwa malipo. Ndani ya karo mna hewa ya haidrojeni salfaidi. Ikiwa kidogo hunuka kama yai viza. Ikizidi huua uwezo wa pua kunusa, hata mtu akadhani harufu imekwisha, kumbe ndipo hatari ilipo. Huanguka bila ya kupiga kelele. Nduguye akiruka kumwokoa, naye huanguka juu yake. Kitambaa cha puani hakizuii hewa hiyo, na kuteremsha taa ya moto kupima ni kutafuta mlipuko, kwa kuwa karo hutoa pia hewa inayowaka. Aliyeanguka aitiwe Zimamoto, na walio juu wabaki juu. Karo hunyonywa kwa gari na mpira, si kwa mtu.

Katika kusafisha, vaeni viatu vya mpira na glavu. Zoeni uchafu, kisha osheni kwa maji na sabuni, na baada ya hapo ndipo mtie klorini. Mpango huu una maana, kwani uchafu hula nguvu ya dawa. Klorini ya maji ya dukani yenye asilimia 5 ichanganywe kipimo 1 kwa vipimo 9 vya maji, iachwe sakafuni dakika 10 kabla ya kusuuzwa. Kamwe msiichanganye na asidi ya kusafishia choo. Hutoa moshi wa sumu. Madirisha yawe wazi. Wengi huona harufu ikitoka kazi imekwisha. Vijidudu havina harufu.

Msiyafagilie maji hayo kichochoroni. Sehemu kubwa ya ardhi yetu ni mchanga na jiwe la matumbawe lenye matundu, na kinachomwagwa leo kinaweza kuingia katika kisima cha jirani. Kisima kilichofikiwa kisitumiwe hadi kisafishwe, kitiwe klorini na maji yake yapimwe.

Kwa wenye mikahawa na maduka: jiko lifungwe hadi lisafishwe. Unga, mchele na kila kilichomo kwenye gunia au karatasi, kikiguswa na maji hayo, kitupwe. Najua thamani ya gunia la mchele, lakini kulianika juani hakulirudishi kuwa chakula. Mikebe ya bati isiyotoboka yaweza kuokolewa, ikivuliwa karatasi, ikaoshwa na kutiwa klorini. Magodoro yaliyolowa nayo yatupwe.

Kisiwa hiki kinaijua kipindupindu. Ilitufika mwaka 1978, na ikarudi kwa ukali mwaka 2015 na 2016. Mtu akiharisha baada ya mafuriko ya aina hii, aanze kunyweshwa palepale: lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, huku akipelekwa kituo cha afya, si kungoja kuche.

Taarifa ifikishwe kwa Sheha na kwa Bwana Afya siku hiyo hiyo, hata kama nyumba yenu imekwisha kusafishwa, kwani bomba lililoziba kwenu huenda ndilo litakalofurika usiku kwa jirani.