Tusiseme "Ni Ngoma Tu"
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Nyegezi)



Nimeombwa niseme machache juu ya lugha na utamaduni. Sina budi kuanza kwa kuungama aibu yangu.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikimfundisha Kiswahili, jioni baada ya kazi, mgeni mmoja ambaye kwao ni mwalimu wa Kihispania. Nilimpa maamkizi, ngeli na nyakati. Siku moja akanieleza namna yeye anavyofundisha. Kila mwaka, Kwaresima inapokaribia, huwasomesha wanafunzi wake sherehe za karnivali, na kila mahali hupewa somo lake. Huko Cádiz, kusini mwa Hispania, vikundi huvaa mavazi ya vichekesho na kuimba nyimbo za kuwakejeli wakubwa. Huko Oruro, nchini Bolivia, watu hucheza ngoma ya mashetani kwa heshima ya Bikira Maria. Akasema, "Asiyejua nani anachekwa hajauelewa wimbo, hata kama maneno yote anayajua." Kisha akaniuliza, "Je, ninyi mna nini?"

Nikamtajia Bulabo. Mwezi wa Juni nikampeleka Bujora, kule Kisesa, barabara ya Musoma. Tulikuta vumbi na vishindo vya ngoma. Makundi mawili, Bagika na Bagalu, yalikuwa yakicheza kwa wakati mmoja. Mchezaji mmoja amejivika chatu shingoni, na watazamaji wakikimbia mara huku mara kule. Mgeni akafungua daftari. Bulabo maana yake nini? Hawa Bagika na Bagalu ni akina nani? Nani ameshinda?

Mimi, Msukuma mwenye shahada ya chuo kikuu, nikamjibu: "Ni ngoma za asili tu."

Mzee mmoja aliyesimama kando yetu alinitazama kwa huruma. "Mwanangu," akasema, "bulabo ni maua." Akatueleza kwamba katika miaka ya 1950 Padre David Clement, Mkanada aliyeanzisha misheni ya Bujora, aliziunganisha ngoma za Wasukuma na sikukuu ya Ekaristi, na maua ni yale ya maandamano ya siku hiyo. Bagika ni watu wa Ngika na Bagalu ni watu wa Gumha, waganga wawili wa karne ya 19 ambao husimuliwa kuwa walishindana kwa ngoma. Mshindi ni kundi linalovuta watu wengi zaidi. Kumbe wale waliokuwa wakikimbia huku na huku ndio waliokuwa wakiamua!

Ndugu zangu, usiku ule niliandika somo langu upya. Niliacha sentensi kama "Sherehe ilikuwa nzuri." Nikafundisha kushindana, kuvuta, kuzomea, kutunza. Mwaka uliofuata mgeni wangu alibishana na jirani zangu juu ya nani kashinda. Ngeli alizivuruga, lakini jirani walimjibu kwa ukali uleule wanaojibizana wao kwa wao. Hapo nikajua kwamba amejifunza.

Ndivyo ilivyo hata Makunduchi, Unguja, kwenye Mwaka Kogwa. Mgeni akiambiwa tu kwamba wanaume wanapigana kwa migomba, ataona ugomvi. Akiambiwa kwamba wanamaliza kinyongo cha mwaka unaokwisha, ataona upatanisho.

Ninyi wanafunzi, kutoka hapa hadi Bujora ni safari ya kwenda na kurudi siku moja. Wageni wanaojifunza lugha yetu hawakosekani Mwanza, na siku moja mmoja wao atawauliza. Wazee wanaoweza kuwajibu bado wapo, lakini hawatatungoja. Nendeni mkawaulize mapema, msije mkamjibu mgeni kama nilivyomjibu mimi.