Nchi Jirani: Hoteli za Anasa Kando ya Misitu ya Gorila



Huenda mtu akastaajabu kwamba leo, katika mazungumzo yetu juu ya nchi jirani, tunazungumzia hoteli. Tena si hoteli tu, bali zile za anasa ambamo usiku mmoja humgharimu mgeni zaidi ya dola 1,000 za Kimarekani. Askari halali humo, na wala mwandishi wa mazungumzo haya hajapata kulala humo. Lakini nyuma ya kitanda hicho lipo suala la ardhi, lipo suala la mpaka, na lipo suala la roho za watu. Mambo hayo si mageni kwa mtu aliyevaa sare.

Tuanze na Rwanda. Katika miteremko ya milima ya Virunga, karibu na Kinigi, ndiko iliko Hifadhi ya Taifa ya Volkano. Mwishoni mwa miaka ya 1960 karibu hekta 9,000 za msitu huo zilitolewa katika hifadhi ili zipandwe pareto. Msitu ukapungua, na gorila wakapungua pamoja nao. Hesabu iliyofanywa mwaka 1981 iliwakuta 254 tu katika safu nzima ya Virunga, yaani Rwanda, Uganda na Kongo kwa pamoja. Leo hali imebadilika. Hesabu zilizotangazwa mwaka 2018 na 2019, zikijumlisha Virunga na msitu wa Bwindi ulioko Uganda, zilitoa gorila wa milimani 1,063. Hao ndio wote walioko duniani.

Serikali ya Rwanda iliamua kwamba mnyama adimu namna hiyo asiuzwe kwa bei ya rahisi. Mwezi Mei 2017 kibali cha kwenda kuwatazama gorila kwa muda wa saa moja kilipanda kutoka dola 750 hadi dola 1,500. Wakati huo huo fungu la mapato linalopelekwa vijijini likaongezwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 10. Nia ilikuwa wazi: wageni wachache, fedha nyingi. Hoteli nazo zikaufuata mkondo huo. Bisate, iliyofunguliwa mwaka 2017, ilianza na nyumba sita tu za kulala, zilizojengwa kwa umbo la mviringo kwa kufuata majengo ya kale ya wafalme, na kuzunguka nyumba hizo imepandwa maelfu ya miti ya asili mahali palipokuwa mashamba.

Sasa, mgeni mwenye uwezo wa kuchagua achague kwa kipimo gani? Siku hizi kila hoteli huchora jani la kijani kwenye karatasi zake na kujiita rafiki wa mazingira. Jani hilo si ushahidi. Kinigi ni mahali pa baridi kali, na mgeni wa anasa hutaka moto chumbani kila jioni. Basi swali la kwanza la mtu mwenye akili ni hili: kuni hizo zimetoka wapi? Kama zimetoka katika miti iliyopandwa kwa kazi hiyo, sawa. Kama zimetoka msituni, hoteli inakula kile kile kinachomleta mgeni. Vivyo hivyo kwa umeme, kama unatokana na jua au na jenereta inayonguruma usiku kucha. Kwa maji, kama yamekingwa kwenye mapaa wakati wa mvua au yamevutwa kutoka chemchemi ambayo akina mama wa kijiji wanaitegemea. Na kwa maji taka, yanakwenda wapi baada ya mgeni kuoga. Hata viazi vina la kusema. Wilaya ya Musanze hulima viazi kwa wingi, na hoteli inayoleta viazi kwa ndege imekwisha kujieleza yenyewe.

Swali zito zaidi ni juu ya umiliki. Hoteli ya Sabyinyo Silverback, iliyofunguliwa mwaka 2007, ni mali ya chama cha wanavijiji wa hapo hapo kiitwacho SACOLA, na kampuni ya hoteli huiendesha kwa mkataba na kuwalipa wenyewe. Ng'ambo ya mpaka, huko Nkuringo kusini mwa Bwindi, hoteli ya Clouds iliundwa kwa ubia wa namna hiyo. Twadhani huo ndio utaratibu wa kutiliwa maanani kuliko taa za jua na sabuni isiyodhuru samaki. Mwanakijiji mwenye hisa humwona mtega nyaya kuwa mwizi wa mali yake, na ndiye atakayempasha askari habari kabla ya kuulizwa.

Hata hivyo, tusiwe wepesi wa kusifu. Msitu wa Bwindi ulipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, Watwa waliokuwa wakiishi humo tangu enzi za mababu waliondolewa. Wengi wao hawakuachiwa ardhi yoyote. Leo baadhi yao huwachezea ngoma watalii karibu na hoteli nzuri, kisha hurudi kwenye vibanda vilivyojengwa juu ya ardhi ya watu wengine. Hoteli inayojigamba kwamba inatunza kila mti, huku ikimlipa Mtwa ujira wa ngoma tu, ina deni ambalo halimo katika hesabu zake.

Wasikilizaji wenye umri mkubwa watakumbuka kwamba sisi wenyewe tulikuwa na mjadala kama huu. Mwaka 1970 vijana wa TANU katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliuliza magazetini kama utalii waweza kupatana na ujamaa, au kama unamfanya mwananchi kuwa mtumishi wa tajiri wa kigeni. Mjadala ulichapishwa kitabuni mwaka 1973. Jibu halikupatikana siku ile, na haielekei kwamba limekwisha kupatikana.

Tuje sasa kwa upande unaowahusu zaidi askari. Tarehe 1 Machi 1999, alfajiri, kundi la waasi wa Interahamwe lilivuka mpaka kutoka Kongo na kuvamia kambi za watalii huko Buhoma, Bwindi. Watalii wanane waliuawa: Waingereza wanne, Wamarekani wawili na raia wawili wa New Zealand. Aliuawa pia ofisa mmoja Mganda wa hifadhi. Wauaji hawakuwa na ugomvi wowote na watu wale. Walijua tu kwamba kumwua mgeni ni kuinyima serikali mapato na jina jema. Tangu hapo jeshi la Uganda huwasindikiza wageni msituni. Na bado, tarehe 17 Oktoba 2023, waasi wa ADF waliwaua maharusi wawili waliokuwa katika fungate pamoja na kiongozi wao Mganda ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth.

Kwa hiyo amani ya kitanda kile huanzia mbali, kwa askari wa doria aliyelowa mvua. Kazi yake haionekani katika bili ya mgeni. Nayo huweza kuharibiwa na askari mwenzake. Mwezi Julai 2007, upande wa Kongo, gorila kadhaa wa familia moja walipigwa risasi, na lawama zikaelekezwa kwenye biashara ya makaa yanayochomwa ndani ya hifadhi. Makaa husafirishwa kwa magari, na magari hupita kwenye vizuizi. Mwenye kusimama kizuizini ndiye ajuaye yaliyopita.

Askari wetu waliokuwamo katika kikosi cha Umoja wa Mataifa mwaka 2013 wanaifahamu barabara itokayo Goma kwenda Rutshuru, na wanapafahamu Rumangabo. Hapo ndipo palipo makao makuu ya Hifadhi ya Virunga, na hapo ndipo ilipojengwa hoteli ya Mikeno, yenye vyumba vya mawe ndani ya msitu. Mwezi Mei 2018 askari mmoja wa hifadhi, msichana, aliuawa akiwalinda Waingereza wawili waliotekwa nyara. Hifadhi ikafungwa kwa watalii hadi Februari 2019. Tarehe 24 Aprili 2020, jirani na Rumangabo, waliuawa askari wa hifadhi 12, dereva mmoja na raia wanne. Mwaka 2022 vita vya M23 vikafika hapo hapo. Wageni walikuwa wamekwisha kuondoka. Askari wa hifadhi waliobaki waliendelea kuwahesabu gorila kila walipopata njia ya kuingia msituni.